Mtoto katika shule ya Kifaransa Nairobi: kuanzia mwaka wa kuzaliwa hadi bac

Familia za Nairobi hufika kwenye mlango wa shule ya Kifaransa kwa njia mbalimbali. Kuna waliohamia kutoka Goma, Bukavu au Bujumbura, na watoto wao walizoea Kifaransa kabla hawajavuka mpaka. Kuna ndoa za Mkenya na Mfaransa. Kuna wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa kule Gigiri ambao baada ya miaka 3 watapelekwa Dakar au Geneva. Na kuna wazazi wasio na uhusiano wowote na Ufaransa, ila wanataka mwana wao awe na lugha mbili kubwa mkononi. Wengi huanza kwa kuuliza kama shule ni nzuri. Swali la kutangulia ni jingine: baada ya miaka 5 mtoto huyu atakuwa mji gani, na darasa atakaloliacha hapa atalikuta kule?

Faida kubwa ya shule hizi iko hapo. Mtaala ni mmoja kila mahali. Mtoto anayemaliza CE2, darasa la tatu la msingi, Nairobi mwezi wa Julai anaweza kuingia darasa linalofuata, CM1, Septemba huko Dakar, Antananarivo au Lyon, akakuta sarufi ileile na hesabu zilezile pale alipoziacha. Kwa hiyo karibu kila uamuzi utakaofanya, kuanzia mwaka wa kuingia hadi jina linaloandikwa kwenye fomu, upime kwa kigezo kimoja: unaulinda uzi huo au unaukata?

Idhini kabla ya majengo

Usivutiwe na bwawa la kuogelea kabla hujauliza kuhusu idhini. Shule inayofuata mtaala wa Ufaransa nje ya nchi hiyo hupewa idhini na Wizara ya Elimu ya Ufaransa. Wenyewe huiita homologation. Idhini hutolewa kwa ngazi, si kwa jina la shule. Shule inaweza kuwa nayo kwa chekechea na msingi pekee, huku madarasa ya juu bado hayajaipata. Uliza hivi: "Idhini yenu inafika darasa gani?" Jibu la "tunafuata mfumo wa Kifaransa" halitoshi.

Shule zenye idhini zimo kwenye mtandao unaosimamiwa na AEFE, wakala wa serikali ya Ufaransa ulioundwa mwaka 1990. Ziko takriban 600 katika nchi zaidi ya 130. Nairobi iko Lycée Denis Diderot, barabara ya Argwings Kodhek, Kilimani, inayopokea watoto kuanzia miaka 3 hadi mwaka wa bac, mtihani wa Kifaransa wa kumaliza sekondari.

Usichanganye idhini hiyo na LabelFrancEducation, alama iliyoanzishwa mwaka 2012. Ile hupewa shule zinazofuata mtaala wa nchi yao wenyewe, zikafundisha pia baadhi ya masomo kwa Kifaransa. Ni alama ya heshima na inafaa sana kwa mtoto atakayebaki nchini, lakini haimpi nafasi ya moja kwa moja katika darasa la Ufaransa.

Ukishajua hilo, suala la mtihani wa kuingia linaeleweka. Mtoto anayetoka shule yenye idhini kwenda nyingine yenye idhini hafanyi mtihani. Uamuzi wa shule ya kwanza unaheshimiwa. Anayetoka kwingine hupimwa Kifaransa na hesabu. Wazazi wa Kongo, Burundi na Rwanda hushangazwa na hili: mtoto amesoma kwa Kifaransa maisha yake yote, iweje apimwe? Ni kwa sababu alifuata mtaala wa nchi yake, na madarasa hayalingani. Mwambie mapema, asije akadhani anaadhibiwa.

Darasa hupangwa na mwaka wa kuzaliwa

Wafaransa hawaangalii mwezi. Chukua mwaka wa Septemba anayoingia, utoe mwaka aliozaliwa. Ukipata 3, ni petite section ya chekechea. 4 ni moyenne section, 5 ni grande section. 6 ni CP, darasa la kujifunza kusoma. Hufuata CE1, CE2, CM1 na CM2, kisha 11 ni sixième, mwanzo wa collège, yaani sekondari ya chini, na 15 ni seconde, mwanzo wa lycée, sekondari ya juu. Mtoto aliyezaliwa 2020 anaingia CP Septemba 2026, awe amezaliwa tarehe 2 Januari au tarehe 30 Desemba. Akienda bila kurudia, atafanya bac Juni 2038.

Kwa mtoto wa Desemba hii ina uzito. Atakaa dawati moja na mwenzake anayemzidi miezi 11, na akiwa na miaka 4 tofauti hiyo huonekana hata kwenye kushika penseli. Si ishara ya udhaifu. Walimu wa chekechea wanalijua hili, na kumrudisha nyuma darasa moja ni jambo wanalolikwepa sana.

Baada ya CM2 hesabu za madarasa huenda kinyume: sixième (la 6), cinquième (la 5), quatrième (la 4), troisième (la 3). Ukitaka kulinganisha na gredi za CBC, fanya jumla ya 12: gredi ya 6 na sixième, gredi ya 7 na cinquième, gredi ya 9 na troisième. Ulinganisho huo ni wa kukadiria, kwa kuwa mwaka wa Kenya huanza Januari na wa Kifaransa huanza Septemba.

Tofauti ya kalenda ndiyo huleta kosa la kwanza kubwa. Mzazi hungoja Novemba, mtoto amalize mwaka wake wa Kenya, kisha hubisha hodi Januari. Kwa madarasa mengi hilo linavumilika. Kwa CP ni wakati mbaya kuliko wote. Kufikia Januari wenzake wamekwisha miezi 4 wakiunganisha silabi na wanasoma sentensi fupi. Yeye anaingia bila herufi na bila lugha. Kama ni lazima Januari, aingie akiwa bado grande section. Kama umri wake ni wa CP, mwanzishe Septemba na tumia miezi ya kabla kumpa maneno.

Asiyejua Kifaransa aingie lini

Chekechea ni mlango mpana. Katika petite na moyenne section siku nzima ni nyimbo, rangi, kuvaa na kuvua viatu, na lugha huingia kupitia mikono. Wengi hukaa kimya miezi kadhaa, wakisikiliza tu. Huu ukimya ni kazi, si uzembe. Usimsimamishe mbele ya wageni na kumwambia "hebu sema kitu kwa Kifaransa". Atajifunza kwamba lugha hiyo ni ya aibu.

CP na CE1 bado inawezekana, kwa sharti kwamba shule ina saa maalumu za kuwasaidia wasiojua lugha. Uliza ni saa ngapi kwa wiki, ni mwalimu gani, na mtoto hutolewa katika somo gani ili aende huko. Akitolewa kwenye hesabu kila mara, utaziba tundu moja na kutoboa jingine. Kuanzia CM2 kwenda juu mambo hukaza, maana historia, jiografia na sayansi zote huandikwa kwa Kifaransa. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha zamani kwamba lugha ya mazungumzo huchukua miaka kama 2, lakini lugha ya masomo huchukua 5 hadi 7. Mtoto wa sixième anayepiga soga vizuri uwanjani bado anaweza kushindwa kuelewa swali la mtihani, na mzazi akaambiwa ni mvivu. Kumbuka hesabu hiyo kabla hujakubali.

Makaratasi, na hasa jina

Tayarisha cheti cha kuzaliwa, pasipoti ya mtoto na za wazazi, kijitabu cha kliniki chenye chanjo, picha, na ripoti za shule za miaka 2 iliyopita. Kama anatoka shule ya Kifaransa, dai hati ya kuondoka iitwayo exeat na livret scolaire, kitabu cha maendeleo yake. Bila exeat shule mpya huenda ikasita kukamilisha usajili, na shule ya zamani kwa kawaida haiitoi hadi karo yote imelipwa. Wazazi wasio raia wa Kenya wakumbuke pia kibali cha mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji. Barua ya kukubaliwa shuleni ndiyo huanzisha safari hiyo, kwa hiyo ifuatilie mapema.

Sasa jina. Fomu ya Kifaransa ina nafasi ya nom, yaani jina la ukoo, kwa herufi kubwa, na nafasi ya prénoms, majina mengine. Mkenya mwenye majina 3 mara nyingi hana jina la ukoo kwa maana hiyo: la tatu ni la baba, na pengine ndugu wawili wa tumbo moja wana mpangilio tofauti kwenye vyeti vyao. Familia za Kongo zina nom na postnom, halafu jina la ubatizo. Amua siku ya kwanza ni jina lipi linakaa kwenye nom, lifanane na pasipoti, na liandike vilevile kila mahali, hata alama ndogo. Jina hilo ndilo litakalochapishwa kwenye cheti cha brevet, mtihani wa mwisho wa collège, na cha bac. Kulirekebisha kwenye fomu ni dakika moja. Kulirekebisha kwenye cheti ni miezi ya barua.

Neno "lugha mbili" lipimwe kwa saa

Kila shule siku hizi inasema inafundisha kwa lugha mbili. Wiki ya shule ya msingi ya Ufaransa ni saa 24 za masomo. Uliza: kati ya hizo, ngapi ni za Kiingereza? Saa 3 za somo la Kiingereza si elimu ya lugha mbili. Saa 12 kwa 12 ni nusu kwa nusu halisi. Katikati kuna mipango mingi, na mingi yake ni mizuri, mradi ujue unachonunua.

Halafu uliza ni masomo gani yanayofundishwa kwa Kiingereza. Sanaa na michezo pekee? Au sayansi na hesabu pia? Na je, kila lugha ina mwalimu wake? Kwa watoto wadogo mpango wa mwalimu mmoja lugha moja hufanya kazi vizuri, kwa sababu mtoto huifunga lugha kwenye uso wa mtu. Katika collège na lycée, utasikia majina section internationale na section européenne. Ya kwanza ni nzito zaidi, na huweza kufikia bac iitwayo BFI, iliyochukua nafasi ya ile iliyoitwa OIB na ikatahiniwa mara ya kwanza 2024. Wanaoifanya husoma fasihi, historia na jiografia kwa lugha ya pili, pamoja na somo la kuufahamu ulimwengu wa leo. Uliza kama shule unayoifikiria inayo, na inaanzia darasa gani, kwa maana kuchelewa kuingia hufunga mlango.

Jioni nyumbani

Hapa ndipo mzazi wa Nairobi anapoweza kusaidia sana au kuharibu bila kujua. Jambo la kwanza litakalokushtua: hakuna kazi ya kuandika ya nyumbani katika shule ya msingi. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1956. Kuna shairi la kukariri, maneno ya imla, kurasa za kusoma. Mzazi aliyezoea rundo la madaftari hudhani shule imelala, akaajiri mwalimu wa tuisheni aje ajaze pengo. Usifanye haraka hivyo. Shairi lile lisomwe kwa sauti dakika 10 kila jioni kwa siku 5, si saa nzima usiku wa mwisho.

Tuisheni inaweza kuvuruga hesabu kwa namna ambayo haionekani. Chukua 52 kutoa 27. Mwalimu wa hapa humfundisha mtoto kukopa: 2 haitoshi kutoa 7, kopa kwa 5, ibaki 4, 12 toa 7 ni 5, 4 toa 2 ni 2. Jibu 25. Katika shule ya Kifaransa huenda akafundishwa njia nyingine: 12 toa 7 ni 5, lakini 5 ya juu haiguswi, badala yake 2 ya chini huongezwa moja ikawa 3, kisha 5 toa 3 ni 2. Jibu ni lilelile. Mtoto aliyefundishwa njia zote mbili kwa wiki moja atakopa juu na pia kuongeza chini, apate 15, na hutaona kosa lilikotoka. Muulize mwalimu wa darasa anatumia njia gani, na mwalimu wa tuisheni aifuate hiyo. Kugawanya nako kuna sura yake: namba inayogawa huandikwa kulia, na jibu hukaa chini yake.

Kisha kuna mkato na nukta. Kenya tunaandika 2,500 tukimaanisha elfu mbili na mia tano, na 3.5 kwa tatu na nusu. Kwenye daftari la Kifaransa tatu na nusu ni 3,5, na elfu mbili mia tano ni 2 500 yenye nafasi tupu. Mtoto wa CM1 anayeona 2,500 kwenye risiti ya dukani anaweza kuisoma mbili na nusu. Mwonyeshe zote mbili waziwazi: "Hii ni ya dukani, hii ni ya daftari."

Namba za kusikia ni mtego mwingine. Mwalimu anasema quatre-vingt-douze, yaani ishirini mara nne na kumi na mbili, 92. Mtoto akisikia quatre anaandika 4 papo hapo, halafu 20, halafu 12, na karatasi inasomeka 42012. Mzoeze kushikilia kalamu juu mpaka namba iishe. Nyumba za Kikongo na Kirundi zina nonante-deux kwa 92 na septante kwa 70, kama Ubelgiji. Si makosa hata kidogo. Mwambie mtoto kwamba nyumbani ni nonante na shuleni ni quatre-vingt-dix, naye ataibeba bila taabu, kama anavyojua kwamba saa mbili asubuhi ya bibi ni huit heures ya mwalimu.

Imla ndiyo itakayomsumbua zaidi mtoto wa Kiswahili, na sababu yake ni nzuri kuijua. Sema "wasichana wadogo wanacheza". Wingi unasikika mara tatu: wa, wa, wa. Sasa Kifaransa: les petites filles jouent. Sikio linapata wingi mara moja tu, kwenye les. Zile s mbili na nt ya mwisho huandikwa, hazitamkwi. Mtoto wetu huandika anachosikia, maana Kiswahili kimemfundisha kwamba sikio halidanganyi. Dawa ni kumpa kazi ya kuunganisha: baada ya kuandika, arudi kwenye les, achore mstari hadi kwenye kila neno linalolifuata neno hilo, na kila mstari ulipe alama yake ya wingi. Muite huo upatanisho, kama ngeli. Le na la pia mweleze kama ngeli mbili. Watoto wanaojua kwamba "kitabu kikubwa" na "meza kubwa" haviendi sawa huelewa haraka kwa nini nomino lazima ijifunzwe pamoja na le au la yake.

Kwa kusoma, herufi zinagombana. Mtoto aliyejua kusoma Kiswahili atasoma chat kama "chati", lune kama "lu-ne" kwa u yetu, na montagne ataikwaa kwenye gn, ambayo ni ny tu. Irabu ya lune haipo Kiswahilini: midomo iwe ya u, ulimi uwe wa i. Irabu za puani ndizo ngumu zaidi. Mpe vent, vin na vont mbele ya kioo, kimoja kimoja, aone mdomo unavyobadilika.

Daftari lenyewe ni geni. Karatasi ya Seyès ina mistari mizito kila milimita 8, na kati yake mistari myembamba ya milimita 2. Herufi kama a hujaza nafasi moja, d na t hupanda nafasi mbili, l na b hupanda tatu, na mwandiko ni wa kuunganisha tangu CP. Madukani Nairobi madaftari haya hayapatikani kirahisi, kwa hiyo jiunge na oda ya pamoja ya wazazi kabla ya Septemba. Ukichapisha karatasi zake kwa saiba, mwambie achapishe kwa asilimia 100, asiruhusu mashine ipunguze ukurasa ili uingie. Pima kwa rula. Mstari wa milimita 7 humlazimisha mtoto kubana herufi, na shuleni mkono wake unapotea tena.

Alama za 20

Katika shule ya msingi utapata maneno au rangi, na mwisho wa kila hatua ngazi 4 za umahiri. Kuanzia collège huja alama juu ya 20, na simu za wazazi huanza. 13 kati ya 20 ni asilimia 65, na mzazi wa Kenya huona mtoto ameanguka. Hajaanguka. 10 ndiyo ya kupita. Kwenye bac, 12 hupewa sifa ya assez bien, 14 bien, 16 très bien. Walimu wa Kifaransa hutoa 19 kwa insha mara chache sana, wala hawakusudii kuumiza. Ukiituma ripoti kwa chuo cha Kenya au Uingereza, omba shule iambatanishe maelezo ya mizani yake.

Kiswahili kisiachwe mlangoni

Katika nyumba nyingi, baada ya miaka 2 ya shule, mtoto hujibu kwa Kifaransa, ndugu zake hucheza kwa Kiingereza, na Kiswahili kinabaki cha kuagiza maji. Wazazi wengine huharakisha hali hiyo kwa kuanza kuongea Kifaransa cha kubahatisha nyumbani wakidhani wanasaidia. Ongea lugha uliyo nayo vizuri. Mtoto anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini mvua hunyesha ataieleza kwa Kifaransa akipata maneno; asiyeweza kwa lugha yoyote hana cha kutafsiri.

Kusoma Kiswahili mfundishe, lakini chagua wakati. Ama kabla ya CP, silabi ba be bi bo bu zikae kichwani, ama baada ya Pasaka ya mwaka wa CP, Kifaransa kikishashika. Si katikati, Oktoba na Novemba, wakati e na u bado zinamchanganya. Maandishi yetu husomwa kama yalivyo, kwa hiyo wiki chache zinatosha kumwanzisha. Baada ya hapo, dakika 15 za kitabu kila usiku.

Karo na barabara

Kwenye karo, tenganisha ada ya usajili wa kwanza, ambayo kwa kawaida hairudishwi, na karo ya mwaka, chakula, basi, na ada za mitihani. Ruzuku za serikali ya Ufaransa ni kwa watoto wenye uraia wa Ufaransa, walioandikishwa ubalozini, wanaosoma shule yenye idhini. Fomu huchukuliwa mapema mwaka, muda mrefu kabla ya Septemba. Kwa wasio Wafaransa kuna Excellence-Major, lakini hiyo ni ya chuo, kwa wahitimu bora wa bac kutoka shule za mtandao huo.

Barabara nayo usiipuuze. Kabla ya kulipa chochote, fanyeni safari ya asubuhi siku ya Jumanne, shule zikiwa zimefunguliwa, kutoka nyumbani kwenu hadi getini na kurudi jioni. Mtoto wa miaka 3 anayeamshwa saa kumi na moja Kitengela ili awahi Kilimani atalala kwenye mkeka wa darasa, na Kifaransa hakimwingii akiwa usingizini.

Kama shule ya Kifaransa haiwezekani

Mtoto abaki shule ya Kenya, na Kifaransa kiletwe kando. CNED, taasisi ya serikali ya Ufaransa ya masomo ya mbali iliyoanzishwa 1939, ina mpango wa nyongeza kwa watoto wanaosoma shule za nchi wanamoishi: Kifaransa na masomo machache ya msingi, si mtaala mzima. Unahitaji mtu mzima mwenye Kifaransa kizuri, na nusu siku mbili kwa wiki. Familia nyingi hushindwa mwezi wa tatu kwa kuweka masomo hayo Jumapili usiku. Yawekwe mchana, siku zilezile.

Kwa asiyejua lugha kabisa, Alliance Française iliyo katikati ya jiji ni mahali pa kuanzia, na DELF ya watoto hupima maendeleo. Mtihani huo una sehemu 4 za alama 25 kila moja: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Kupita ni 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu moja umeanguka hata ukiwa na 70 kwa jumla. Mtoto anayeongea vizuri asiyeandika huangukia hapo.

Miaka ya lycée

Première, mwaka wa pili wa lycée, mwanafunzi huchagua masomo maalumu 3, terminale, mwaka wa mwisho, anabakiza 2, na kila moja lina uzito wa 16 kati ya 100. Alama za darasani katika miaka hiyo miwili zina asilimia 40 ya bac, kwa hiyo kuhama katikati ya première ni ghali kuliko kuhama wakati mwingine wowote. Kama mwajiri wako anakupa nafasi ya kusogeza uhamisho, usogeze uangukie kabla ya seconde au baada ya bac.

Anayetaka vyuo vya Ufaransa huomba kupitia Parcoursup, tovuti ya serikali ya Ufaransa ya maombi ya vyuo, kuanzia Januari hadi Machi ya terminale, maombi hadi 10. Anayetaka chuo cha Kenya apeleke cheti chake KNQA, mamlaka ya Kenya ya vyeti na sifa za elimu, kilinganishwe, na asingoje barua ya chuo ndipo aanze.

Siku ya kuhama Nairobi ikifika, toka shuleni na exeat, livret scolaire, uamuzi wa darasa linalofuata wenye muhuri, na daftari moja la kila somo. Mwalimu wa kule atayafungua madaftari hayo kwanza, aone mkono wa mtoto umefikia mstari gani.